Safu ya Kushoto

Chiayi, 7 Aprili 1958

Mjomba Tian-lai,

Shikamoo wewe na mkaza mjomba, na pole kwa mkono ulioumia wakati wa baridi. Mama anauliza kama unaupaka dawa aliyokutumia au umempa mpiga ngoma wako. Sisi hatujambo. Mama anashona, mimi ninakwenda kazini na kurudi. Ningependa barua iishie hapo, lakini sikumpa muuza vitambaa aifiche ndani ya jora kwa ajili ya salamu tu.

Hapa kwenye chumba chetu cha ukaguzi wa michezo mkuu wetu, Bwana Pao, ameleta fomu mpya. Inaitwa Jedwali la Mfanano. Kila mchezo wa vikaragosi unaoombewa kibali lazima ujaziwe fomu hiyo. Kulia karani anaandika jina la kila mhusika. Safu ya kushoto anaandika mtu wa kweli, wa siku hizi, anayefanana naye. Kama hayupo, anaandika "Hakuna" na kupiga muhuri. Si wa ofisi, Mjomba, ni muhuri wake mwenyewe. Bwana Pao alitueleza huku akitabasamu: "Kila mmoja apige wake, ili baadaye tusisumbuke kuulizana."

Mwezi uliopita mwenzetu Ou aliandika "Hakuna" kwenye mchezo wa mfalme wa vyura. Uwanjani pa hekalu watu wakacheka mahali ambapo hawakutakiwa kucheka. Sasa juu ya meza ya Ou pamewekwa chungu cha maua, na hakuna anayeuliza yuko wapi.

Juzi mswada wako umetua mezani kwangu. Hawajui kuwa wewe ni mjomba wangu, maana majina yetu ya ukoo ni tofauti, nami sikusema. Nimeusoma wote. Yule Liwali Yen wako huwaita watu mezani pake, anazungusha kifuniko cha kikombe mara tatu, hanywi, na mara ya tatu walinzi wanaingia. Mjomba, yuko mkubwa mmoja anayekuja kutukagua kila Jumatatu. Sitamwandika jina. Tunampa chai. Anazungusha kifuniko mara tatu. Hanywi kamwe. Siku Ou alipoondoka ilikuwa Jumanne.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mwache Liwali anywe chai yake. Funda moja litatosha. Vinginevyo sijui niandike nini kushoto.

Mpwa wako mtiifu,
Liao Beng-hui


Huwei, 11 Aprili 1958

A-Hui, mpwa wangu msomi,

Barua imefika pamoja na mita nne za kitambaa cha maua ambacho mkaza mjomba wako sasa anasema ni lazima akinunue. Nimemsomea. Amecheka mpaka uji wa viazi vitamu ukaungua, kwa hiyo jua kwamba umetulaza na njaa.

Sikiliza. Liwali hanywi chai kwa sababu hana koo. Ni kichwa cha mti wa mkafuri, na chini yake ni kidole changu. Unataka nimnyweshe nani, kidole?

Kichwa kile ninacho tangu hujamaliza kung'oa meno ya utotoni. Mwanzo alikuwa hakimu mwema katika mchezo wa Daraja la Mierebi, watu wa Huwei wakamlilia. Kisha akawa tajiri aliyeficha mpunga. Miaka miwili iliyopita akawa mtawa mwizi wa matunda ya pea. Mwaka huu ni liwali. Ninambadilisha joho na ndevu, uso ni uleule. Sasa nieleze wewe uliyekwenda shule: hakimu yule alifanana na nani? Na mtawa je? Alipokuwa mtu mwema hakuna aliyekuja kuniuliza ni nani. Amekuwa mwovu tu, kila mtu anamfahamu!

Chai siwezi kuigeuza, wala usidhani ni ukaidi. Nikishavaa kichwa kile, mkono unazungusha kifuniko wenyewe. Jana katika mazoezi nilijilazimisha, nikamnywesha. Mpiga ngoma akaacha kupiga, akaniuliza, "Mzee, leo Liwali kalewa?" Hata mimi niliona aibu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Huyo mkubwa wenu simjui. Sijawahi kuketi na mkubwa yeyote, na chai ya ofisini nasikia ni mbaya.

Hekalu limeshabandika jina letu ukutani kwa sikukuu ya Mama wa Bahari, alasiri tatu mfululizo kuanzia tarehe 11 Mei. Wewe andika "Hakuna", piga muhuri, nenda kale chakula cha mchana. Ni neno fupi. Mtu aliyenifundisha kuandika alikuwa akiniambia kwamba maneno mafupi ndiyo magumu, lakini wewe una shule kuliko mimi.

Mkono una nafuu. Dawa tumempa mpiga ngoma, ndiyo.

Mjomba wako,
Shih Tian-lai


Chiayi, 16 Aprili 1958

Mjomba wangu,

Ninaitia barua hii posta kwa sababu muuza vitambaa hapiti tena mpaka wiki ijayo, nami siwezi kungoja. Nadhani nimekuokoa.

Siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya hilo neno fupi. Niliwaza hivi: "Hakuna" ni neno lisilo na mikono. Mtu akisimama aseme, mbona hawa wawili wanafanana, neno hilo halijui kujitetea. Lakini hoja zinajitetea. Basi sikuandika "Hakuna". Nimeambatisha kurasa nne nikionyesha, jambo kwa jambo, kwamba Liwali Yen hafanani kabisa na yule mkubwa.

Liwali ni mnene, mkubwa wetu ni mwembamba. Liwali ana ndevu mpaka kifuani, mkubwa wetu hunyolewa kila siku. Liwali anapokea bata kutoka kwa wakulima, ilhali mkubwa wetu mwaka jana alirudisha pea pamoja na kapu lake. Kuhusu chai niliandika aya nzima, maana hapo ndipo penye hatari. Nilieleza kuwa Liwali anazungusha kifuniko kama ishara kwa walinzi, lakini mkubwa wetu anazungusha bila maana yoyote. Huenda ni mazoea tu ya mtu aliyewahi kuugua tumbo vitani. Nilinukuu hata mchezo wako wa Daraja la Mierebi, ambako kichwa hichohicho kilikuwa cha hakimu mwema, kuonyesha kuwa uso wa mti hauna mtu wake.

Bwana Pao alizipokea kurasa zangu kwa mikono miwili. Hajawahi kupokea kitu changu kwa mikono miwili.

Fanyeni mazoezi kwa amani. Mama anasema atakuja sikukuu, na anataka akae mbele.

Mpwa wako,
Beng-hui


Huwei, 20 Aprili 1958

A-Hui,

Nimemngoja muuza vitambaa njiani tangu alfajiri ili nimpe hii mkononi. Usiandike tena kwa posta. Bahasha yako ilikuwa na gundi mara mbili, na ya juu bado ilikuwa mbichi.

Mwanangu, umefanya nini? Nani alikuuliza habari za huyo mkubwa? Fomu iliuliza Liwali anafanana na nani. Hapakuwa na mtu. Ukaenda ukamleta wewe, ukamkalisha kando ya karagosi wangu, ukawapima mmoja mmoja, tumbo kwa tumbo, ndevu kwa ndevu. Sasa nani atakayesoma kurasa hizo kisha amtazame Liwali bila kumwona yule?

Mkaza mjomba wako hacheki leo.

Kama karatasi bado ziko mezani kwa Bwana Pao, ziombe. Sema umekosea tarehe. Sema umemwaga wino. Wewe ni karani, si unajua namna ya kuchelewesha karatasi?

Mimi huyo mtu sijamwona hata kivuli. Unajua hivyo. Mkono ule wa kifuniko nimeupata mahali pengine, zamani, na si jambo la barua. Wala usimuulize mama yako.

Tian-lai


Chiayi, 28 Aprili 1958

Kwa Bwana Shih Tian-lai, mkuu wa kikundi cha vikaragosi, Huwei

Mjomba,

Ninaandika kwa ruhusa ya Bwana Pao, ambaye ataisoma barua hii kabla ya kufungwa. Ameshajua kuwa wewe ni mjomba wangu. Alijua kutokana na barua yangu ya tarehe 16.

Ameniagiza nieleze mambo kama yalivyo, nami ninaeleza. Ijumaa aliniita chumbani kwake. Kurasa zangu nne zilikuwa mbele yake, zimepigiwa mistari kwa wino mwekundu kila nilipomtaja mkubwa wa Jumatatu.

"Kijana," alisema, "mswada huu nimeusoma mara tatu. Sikumwona Kanali Tung. Wewe umemwonaje?"

"Sikumwona, bwana. Nimeandika kwamba siye."

"Siye nani?"

"Siye Kanali, bwana."

"Basi uliangalia, ukamwona, ndipo ukasema siye." Akageuza ukurasa. "Liwali huyu ni mnene. Mke wangu pia ni mnene. Mbona hukuandika kwamba siye mke wangu?"

Makarani waliokuwa mlangoni walicheka. Mimi pia nilicheka, Mjomba, nakiri. Kisha nikaona yeye hacheki.

Alinieleza kwa upole kwamba mfanano ukishaandikwa lazima uwe na mwenyewe. Ama aliyetunga mchezo aliuweka, ama aliyesoma aliuleta kichwani mwake. Hakuna mlango wa tatu. Niandike maelezo mapya, nitaje ni nani, na niyatie muhuri. Mwisho ni Ijumaa hii, tarehe 2 Mei. Chungu cha maua kimeondolewa kwenye meza ya Ou na kuwekwa kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti changu.

Kwa hiyo ninakuuliza rasmi: ile namna ya kuzungusha kifuniko mara tatu umeitoa wapi? Ukinitajia asili yake, mtu au mahali, nitaiambatisha, na huenda ikawa ndiyo mlango wa tatu. Andika ukweli, Mjomba. Ukweli unaoweza kuambatishwa.

Mama hajui lolote. Anashona nguo ya sikukuu.

Liao Beng-hui


Huwei, 30 Aprili 1958

Kwa karani Liao Beng-hui

Umeniuliza, nami ninajibu mbele ya yeyote atakayesoma.

Mkono wa Liwali Yen nimeutoa kwa Kanali Tung. Alipokuja Huwei mwaka jana kufungua daraja jipya, mimi nilikuwa miongoni mwa wapiga ngoma chini ya jukwaa, nikamwona akiletewa chai. Alizungusha kifuniko mara tatu na hakunywa. Nikaona inafaa kwa mtu mwovu, nikaichukua. Nilifanya hivyo kwa makusudi, ili watu wacheke.

Mpwa wangu hakujua. Aliposoma mswada alishtuka, akaniandikia kunionya, akaniomba nibadilishe. Nikamfanyia mzaha. Akalazimika kuandika zile kurasa nne kwa kumtetea Kanali, kama karani mwaminifu. Yeye hakuleta mfanano wowote, aliukuta. Mwenyewe ni mimi.

Posta siku hizi inachelewa. Kwa hiyo barua nyingine yenye maneno hayahaya ninaipeleka mwenyewe leo, kwa basi la saa mbili asubuhi, niiweke mezani kwa Bwana Pao kabla ya Ijumaa. Nimevaa viatu vizuri.

Mkono sasa umepona kabisa. Usihangaike na dawa.

Shih Tian-lai
(muhuri, na alama ya dole gumba)


Huwei, 14 Mei 1958

A-Hui,

Muuza vitambaa anakuletea kifurushi. Usikifungue mbele ya watu. Ni mimi ninayeandika, mkaza mjomba wako, na mwandiko wangu ni wa mtu wa jikoni, unisamehe.

Sikukuu imepita. Hekalu lilibandua jina letu, likaleta kikundi kingine kutoka Xiluo. Mama yako alikuja na nguo yake mpya, akakaa mbele kama alivyotaka, akatazama vikaragosi vya watu wengine alasiri zote tatu. Nilimwambia mjomba wako amekwenda kusini kikazi. Akasema, "Hata yule mwingine mliniambia hivyohivyo mwanzoni." Basi sikuweza kuendelea.

Nisikilize. Mjomba wako siku ile ya daraja hakuwa Huwei. Alikuwa kitandani na homa, mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda. Kanali hamjui, na hakuwa amemwona mpaka siku aliyopeleka barua. Nadhani sasa ameshamwona.

Mkono ule ni wa baba yako.

Gi-tek alikuwa akija kwetu kila Jumamosi akitoka shuleni alikofundisha. Ndiye aliyemfundisha mjomba wako kuandika, wamekaa nyuma ya jukwaa kati ya masanduku ya majoho. Nikiweka chai, baba yako alikuwa akishika kifuniko, anakizungusha polepole, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akingoja mwenzake anywe kwanza. Hakuweza kunywa mbele ya mgeni wala mbele ya mkubwa wake, hata mbele yangu. Kwa hiyo alikunywa chai baridi maisha yake yote. Tulikuwa tunamtania: "Shemeji, chai imeshazeeka hiyo!"

Hakufa kwa malaria. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, tukakupeleka kwa bibi yako, tukakwambia malaria. Asubuhi moja alikwenda shuleni, watu wawili wakamngoja langoni. Hatukupewa hata nguo zake.

Mwaka uliofuata mjomba wako alimcheza hakimu mwema kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa. Nikaona karagosi anazungusha kifuniko mara tatu, akimngoja mjane aliyekuja kushtaki anywe kwanza. Watu walilia bila kujua wanamlilia nani. Baadaye nikamwambia, "Unamcheza Gi-tek." Akanikatalia. Hakuwa anajua. Tangu hapo, hakimu, tajiri, mtawa, liwali, mkono ni uleule. Aliniambia, "Siok-tin, nikiuzuia, atakuwa amekwenda kabisa."

Sasa unajua kwa nini hakuandika ukweli ulioutaka. Kwenye fomu yako ya kazi umeandika baba alikufa kwa malaria, nawe uliandika kwa moyo safi. Wangeuona ukweli ule na kukuita mwongo, na juu ya hapo mtoto wa mtu aliyechukuliwa. Huo usingeambatishwa, A-Hui. Huo ungekufunga wewe.

Usijilaumu kupita kiasi. Nimewaza sana kwa nini wewe peke yako uliuona mkono ule katika mswada wote ule. Nadhani uliufahamu tangu utotoni. Ulikosea tu mwenyewe ni nani.

Kichwa kilichomo kifurushini ni chako. Karatasi hii itie moto jikoni.

Siok-tin


Chiayi, 19 Juni 1958

Kwa mahabusu Shih Tian-lai, chumba namba 6

Mjomba,

Wameniruhusu ukurasa mmoja, na habari za nyumbani na za afya tu. Mama anakutumia mchele uliofungwa kwa majani kwa ajili ya sikukuu ya mwezi wa tano wa kalenda yetu ya kale. Ametia ndani njugu mbili za chestinati badala ya moja. Akipunguza mlinzi, bado itabaki moja.

Mimi ni mzima. Kazini wananisifu. Bwana Pao amesogeza meza yangu karibu na dirisha, na amewapa makarani wawili wapya zile kurasa zangu nne wazisome kama mfano wa kazi ya uangalifu. Wanazinakili. Ninawasikia wakizinakili. Sijui kama hiyo ni habari ya afya.

Juma hili nimepewa mswada wa mama mmoja mzee wa pwani, mchezo wa mfalme kiziwi na kinyozi wake. Niliusoma polepole. Nilipofika kwenye safu ya kushoto nilichovya kalamu mara mbili. Kisha nikaandika lile neno fupi, kwa kila mhusika, kuanzia mfalme mpaka punda. Muhuri wangu ulikuwa umekauka, nikaupulizia pumzi, nikaupiga. Halafu nikaenda kula chakula cha mchana. Ulisema kweli, ni gumu. Bado sijaambiwa kitu. Leo ni Alhamisi.

Kile kifaa cha mti ulichonipa nakitunza. Jana jioni nilikitoa nikakiweka mezani, nikatengeneza chai vikombe viwili. Nikazungusha kifuniko changu. Sikukusudia kuhesabu, lakini vidole vilisimama vyenyewe mara ya tatu. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni na sindano mkononi.

"Nani kakufundisha hivyo?" akauliza.

Nikamwambia, "Mjomba."

Alikitazama kile kichwa. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akachukua kikombe chake. Nilingoja. Alipokunywa, ndipo na mimi nikanywa.

Ilikuwa imepoa.

Mpwa wako,
Beng-hui